Uzoefu wangu na mafunzo ya kuwasilisha mawazo ya teknolojia: kipindi cha maswali ndicho kilichonifaa

Nianze na uamuzi wangu, maana anayesoma haya huenda kongamano lake liko karibu na hana muda wa kuzungushwa. Mafunzo haya yanafaa kulipiwa, ila si kwa sababu zinazotajwa kwenye tangazo lake. Tangazo linaahidi kujiamini, sauti yenye mvuto na mikono inayotulia jukwaani. Mimi faida niliyoipata ni nyingine kabisa: nilifundishwa kulitetea wazo langu mbele ya watu wanaolijua somo hilo kuliko mimi.

Yanalenga wanafunzi ambao ikisiri zao (muhtasari mfupi wa kazi unaotumwa kuomba nafasi ya kuwasilisha) zimeshakubaliwa na waandaaji wa mkutano. Unatazama video fupi peke yako, kisha mnakutana kikundi kidogo na mkufunzi. Kila mtu anasimama, anawasilisha, anarekodiwa na kukosolewa. Mradi wangu ni kifaa cha kusikiliza mabomba ya maji: maikrofoni ndogo inabanwa kwenye bomba, programu inachambua sauti na kusema kama kuna uvujaji. Nautaja mapema kwa sababu mifano yangu mingi inatoka humo.

Zoezi la kwanza lilikuwa la sentensi moja. Mkufunzi alitutaka kila mmoja aueleze mradi wake kwa sentensi ambayo mtu ukumbini anaweza kunyoosha mkono na kuipinga. Linasikika jepesi, lakini lilitutoa jasho. Mwanakikundi mmoja alisimama na kusema mradi wake "unahusu matumizi ya akili mnemba katika elimu", akarudishwa, akaja na nyingine, akarudishwa tena, mpaka akafika kwenye dai kwamba programu yake inakisia mwanafunzi yupi ataacha kozi ya mtandaoni kwa kutazama tu muda anaosita kabla ya kujibu swali. Hapo watu wote wakainua vichwa. Kwangu mimi sentensi iliishia hivi: maikrofoni ya bei rahisi ikibanwa kwenye bomba la chuma inaweza kusikia uvujaji kabla maji hayajaonekana juu ya ardhi. Ukishakuwa na dai la namna hiyo, slaidi zinajipanga zenyewe, kwa sababu unajua ni ipi inayolibeba dai na ipi inakaa pale kwa kuwa ulihangaika kuitengeneza.

Baada ya hapo tulitakiwa kuandaa toleo la dakika tatu, hata kwa sisi tuliopewa muda mrefu zaidi na waandaaji wetu. Wameiga shindano la 3MT (Three Minute Thesis, yaani tasnifu kwa dakika tatu) lililoanzishwa na Chuo Kikuu cha Queensland nchini Australia mwaka 2008, ambapo mwanafunzi wa uzamivu anaieleza tasnifu yake kwa dakika 3 na slaidi 1 isiyosogea. Waanzilishi wake wana hesabu ninayoipenda: tasnifu ya maneno 80,000 ingehitaji saa 9 kuisoma kwa sauti. Faida ya toleo fupi niliiona siku yenyewe. Kikao chetu kilichelewa, mwenyekiti akatupunguzia muda, na wenzangu wawili wakaanza kuruka slaidi mbele ya watu huku wakiomba radhi. Mimi nilikuwa na toleo fupi tayari kichwani, nikalitanua kidogo.

Sasa nije kwenye kipindi cha maswali, ambacho kwa maoni yangu ndicho moyo wa mafunzo haya, ingawa kwenye ratiba wamekiweka mwishomwisho kama nyongeza. Mnagawiwa kadi. Mmoja anakuwa mtaalamu mkali, mwingine anakuwa yule mtu wa kila mkutano anayetoa hotuba yake mwenyewe kisha anamalizia kwa "unasemaje kuhusu hilo?", mwingine hakusikiliza na anauliza jambo ulilokwisha kulieleza. Wewe unasimama mbele, slaidi zimezimwa, unaulizwa mfululizo. Kanuni ni chache. Sikiliza mpaka mwisho bila kutikisa kichwa kana kwamba umeshajua linakoelekea. Lirudie swali kwa ufupi, kwa sababu walioketi nyuma mara nyingi hawakulisikia na kinasa sauti hakikulinasa, na wewe unapata nafasi ya kuvuta pumzi. Kisha jibu kwenye sentensi ya kwanza; maelezo yafuate. Ukimaliza, nyamaza.

Hiyo ya kunyamaza ndiyo ngumu kuliko zote. Mtu akishajibu vizuri hupenda kuongeza, na kwenye ile nyongeza ndipo anapofungua mlango wa swali ambalo hana jibu lake.

Mwanafunzi wa elektroniki aliyekuwa na kadi ya mtaalamu aliniuliza kama kifaa changu kinafanya kazi kwenye mabomba ya plastiki. Ni swali zuri sana. Sauti ya uvujaji husafiri mbali kwenye chuma, ila plastiki huififisha haraka, na kinachobaki ni sauti nzito za masafa ya chini zinazochanganyika kirahisi na kelele za barabarani. Mimi nilikuwa nimepima chuma tu. Tulilifanyia kazi jibu hilo kwa muda mrefu kuliko kitu kingine chochote. Toleo moja lilijitetea, jingine lilizunguka, jingine lilikuwa somo la fizikia. Tulilokubaliana nalo lilikuwa hivi: "Sijapima plastiki. Natarajia umbali wa kusikia upungue sana, kwa sababu plastiki hufifisha sauti. Hicho ndicho kipimo changu kinachofuata." Sentensi tatu zimetosha. Muulizaji anajua ulichofanya, ambacho hujafanya, na kwamba umelifikiria. Mkufunzi alituambia kwamba mwanafunzi anayetaja mpaka wa kazi yake kwa utulivu huaminiwa zaidi kwenye yale anayodai ameyathibitisha, na nilivyowaona watu wakiuliza na kujibu kwenye kongamano, nakubaliana naye moja kwa moja.

Kwenye mkutano wenyewe la plastiki halikuulizwa. Niliulizwa ni saa ngapi nilirekodi sauti zangu, swali la mtu anayeijua kazi, kwa kuwa usiku matumizi ya maji hupungua, magari ni machache, na uvujaji husikika waziwazi zaidi kuliko mchana. Nilirudia swali, nikajibu kwanza, nikaeleza, nikanyamaza. Baadaye muulizaji alinifuata nje tukaendelea kuzungumza mpaka kikao kingine kikaanza. Kwangu hayo mazungumzo ya nje ndiyo sababu ya kwenda kwenye mikutano.

Yapo yaliyonikera, na nayasema wazi kwa sababu wanaolipa ni wanafunzi.

La kwanza ni ile habari kwamba asilimia 93 ya mawasiliano haitokani na maneno. Imo kwenye video yao moja, imeandikwa kwa herufi kubwa, na imekuwa msingi wa sehemu nzima kuhusu mikono, macho na kusimama. Takwimu hiyo chimbuko lake ni majaribio ya mwanasaikolojia Albert Mehrabian, yaliyochapishwa mwaka 1967, na yalihusu namna watu wanavyopima hisia za msemaji pale neno analotamka linapopingana na sauti au uso wake. Mehrabian mwenyewe amefafanua kwamba hesabu yake haigusi mawasiliano ya kila aina. Jaribu kueleza namna algoriti yako inavyotenganisha sauti ya uvujaji na sauti ya pampu kwa kutumia uso na mikono! Kumwambia mwanafunzi wa teknolojia kwamba maneno yake ni asilimia 7 ya ujumbe ni kumpotosha, na anayefundisha uwasilishaji wa sayansi anapaswa kuzikagua takwimu zake kama anavyotutaka sisi tuzikague zetu.

La pili ni kubwa zaidi. Nusu ya mifano yao imetoka kwenye mashindano ya kutafuta wawekezaji: anza na tatizo la kutisha, taja namba kubwa, ahidi soko. Kwa anayetafuta mtaji sawa. Mkutano wa kitaaluma una watu wa aina nyingine, na namba kubwa isiyo na msingi ndiyo chakula chao. Kuna mwenzetu alishauriwa afungue kwa "mfumo wetu una usahihi wa asilimia 95". Fikiria sauti 100, na kati ya hizo 5 tu zina uvujaji. Programu inayosema "hakuna uvujaji" kila mara, bila kusikiliza chochote, itapata asilimia 95 ileile. Mtu yeyote aliyesoma kujifunza kwa mashine ataliuliza hilo kabla hujafika slaidi ya pili: kati ya mabomba yanayovuja kweli, umeyakamata mangapi, na umepiga kengele za uongo ngapi? Mkufunzi hakuliona kwa sababu si fani yake, na simlaumu kwa kutoijua fani. Nawalaumu waandaaji kwa kutoweka chumbani hata mtu mmoja wa fani hiyo. Aliyetuokoa ni mwanafunzi mwenzetu wa takwimu.

Upande wa slaidi wako vizuri, sina mengi ya kusema. Herufi zisipungue pointi 30, kichwa cha slaidi kiwe dai na si jina la mada, grafu moja kwa slaidi. Nilifurahi walipokataza kutenganisha mistari ya grafu kwa nyekundu na kijani peke yake, maana takriban mwanaume 1 kati ya 12 wenye asili ya kaskazini mwa Ulaya ana shida ya kutofautisha rangi. Tumia pia umbo la alama au mstari wa vipande. Beba nakala ya PDF, na uulize mapema kama uwiano wa upana na urefu wa skrini ya ukumbi ni 16:9 au 4:3.

Kuhusu kuonyesha kifaa kikifanya kazi mbele ya watu, walitukumbusha kwamba yanawakuta hata wakubwa. Tarehe 20 Aprili 1998, kwenye maonyesho ya kompyuta ya COMDEX jijini Chicago, Bill Gates alikuwa jukwaani wakati Windows 98 ilipokwama na kutoa skrini ya bluu ya hitilafu pale skana ilipochomekwa. Tarehe 7 Juni 2010, Steve Jobs akiitambulisha iPhone 4, ukurasa ulikataa kufunguka kwa sababu Wi-Fi ya ukumbi ilikuwa imeelemewa na vifaa vya waliohudhuria, akalazimika kuwaomba wazime vyao. Kwa hiyo rekodi video ya onyesho lako nyumbani, ihifadhi ndani ya kompyuta na si mtandaoni, na ujue sentensi utakayosema unapohamia kwenye video. Mimi nilikwenda moja kwa moja kwenye video. Kelele za ukumbi zingeimeza sauti ya bomba.

Kuhusu hofu nilitarajia mahubiri, nikapata kitu cha maana. Hawakutuambia tutulie. Walitueleza utafiti wa Alison Wood Brooks wa Harvard, uliochapishwa mwaka 2014, ambao uligundua kwamba watu waliojiambia "nina msisimko" kabla ya kuzungumza mbele ya wengine walifanya vizuri kuliko waliojiambia "nimetulia". Moyo unadunda kwa vyovyote. Ni rahisi kuupa jina jingine kuliko kuushusha. Tukashauriwa kuhifadhi kichwani sentensi za mwanzo na za mwisho pekee, na katikati kuzungumza kwa kufuata grafu. Kwa wanaowasilisha kwa lugha ya pili ushauri huo ni dhahabu, kwa sababu hotuba nzima iliyokaririwa ikikatika neno moja, yote inapotea.

Ukiwa na tatizo la kusimama mbele ya watu tu, na mradi wako bado haujaiva, sikushauri ulipie mafunzo haya. Tafuta klabu ya Toastmasters, ambako watu hukutana kufanya mazoezi ya kuzungumza hadharani. Zimekuwepo tangu 1924, gharama yake ni ya chini, na zina mambo ambayo hapa hayakuwepo: mtu wa kushika saa anayekuonyesha kijani, njano na nyekundu, na mtu anayehesabu kila "aaa" na "yaani" unayotoa. Ni mazoezi ya mara kwa mara, na sauti hujengwa na mazoezi ya mara kwa mara.

Lakini kama ikisiri yako imekubaliwa, una matokeo, na unajua watakaokusikiliza ni watu wa fani, yachukue, na kabla ya kulipa waulize watoaji mambo mawili: kipindi cha maswali kina muda gani ukilinganisha na ule wa sauti na mikono, na nani atakayekaa upande wa waulizaji. Wakikujibu kwamba ni wanakikundi wenzako peke yao, nenda na mtu wako. Mimi ningemwomba msimamizi wa mradi wangu, au mwanafunzi wa mwaka wa juu asiyenionea huruma, ajiunge na kikundi siku hiyo. Waandaaji wetu walipoulizwa walisema hawana pingamizi. Ni kwamba hakuna aliyewahi kuomba.