Kozi ya kuandika tamthilia za kila siku: nyota 3 kati ya 5

Nimemaliza wiki 6 za kozi hii ya mtandaoni na bado naota wahusika. Utamu wake uko kwenye somo la pili. Mwalimu anakufungua macho kwamba tamthilia ya kila siku haiandikwi na mtu mmoja: mwandishi mkuu hupanga mkondo wa hadithi kwa miezi, wengine huukata vipindi, onyesho kwa onyesho, ndipo wewe mgeni unapewa kipindi kimoja ukijaze mazungumzo. Nasi tulifanyishwa hivyohivyo. Onyesho langu, mama mkwe anafungua barua isiyo yake, lilirudishwa mara 4 kwa kosa lilelile: nilimaliza ugomvi. Kumbe ugomvi haumalizwi, unalazwa hadi kesho! (Mume wangu anasema hilo nililijua zamani.)

Historia imepitiwa mbiombio, lakini nilimpenda Irna Phillips, mwandishi Mmarekani aliyeanza kuandika tamthilia hizi redioni Chicago mwaka 1930. Hakuketi kuandika, alitembea chumbani akiigiza sauti zote huku karani akinakili. Mwandishi mwingine, Agnes Nixon, alipitia mikononi mwa Irna kabla ya kubuni tamthilia zake mwenyewe.

Nyota mbili nimezizuia kwa sababu ya somo la mikataba. Dakika 12 tu! Nani anamiliki mhusika uliyembuni, unalipwa nini kipindi kikirudiwa, kimya. Na maoni ya kazi yangu ya mwisho yalikuja baada ya siku 9, sentensi moja: "Punguza machozi." Nimeyapunguza.