Rangi njema, daftari bovu: kisanduku changu cha rangi za maji

Nimekitumia miezi mitatu sasa: vidonge 12 vya rangi, brashi moja na daftari dogo la kuchorea. Nilikinunua hapahapa Mombasa, na kila Jumamosi asubuhi huketi nacho Mji wa Kale, karibu na Ngome ya Yesu, kabla jua halijawa kali.

Rangi zenyewe nimezipenda mno. Gusa kidonge kwa brashi mbichi, kinaachia papo hapo. Unga wa rangi hushikwa na gundi ya mgunga, nayo huyeyuka majini, ndiyo maana kidonge kilichokauka wiki nzima hufufuka kwa tone moja. Wachoraji huziita pia akwareli, kutoka Kiitaliano, acquerello. Shina lake ni aqua, maji kwa Kilatini. Sisi tunasema rangi za maji, na ni kitu kilekile.

Kilichonichelewesha ni weupe. Guashi, rangi ya maji iliyo nzito, hufunika kilicho chini yake. Rangi hizi hupitisha mwanga, ukagonga karatasi na kurudi machoni. Kwa hiyo weupe ni karatasi yenyewe, na usipoiacha mapema umeshaupoteza. Nilipochora mashua, nilipaka bahari na anga kulizunguka tanga, tanga nikaliacha tupu. Mzee mmoja akasimama nyuma yangu. "Mwanangu, na tanga mbona hukulitia rangi?" Nikamwambia, "Limekwisha hilo, babu." Akainama, akalitazama tena, akacheka kwa furaha. Lilikuwa linang'aa kweli.

Daftari ndilo lililoniudhi. Karatasi nyembamba, maji kidogo tu inajikunja, rangi inatuama mabondeni na kuacha mabaka. Kurasa saba niliziharibu nikidhani kosa ni la mkono wangu. Nikanunua karatasi ya pamba, gramu 300 kwa mita ya mraba. Bei yake iliniuma, lakini kwa brashi ileile kuta za ngome zilitoka laini, kivuli juu ya kivuli.

Hewa yetu ya pwani ina unyevu, basi subirini tabaka la kwanza likauke kabisa, la sivyo mtapata tope. Na kisanduku msikifunge kikiwa kibichi. Changu kiliota ukungu kwenye kidonge cha manjano.

Kisanduku ningekinunua tena kesho. Daftari nimempa mpwa wangu, analichorea kwa penseli.