Programu za kuitesa kerneli ya Linux: uanze na ipi?

Kerneli ni sehemu ya ndani ya mfumo inayoongoza vifaa na programu zote; kuitesa ni kuibebesha mzigo au majaribio hadi udhaifu uonekane. Programu zote nne hapa ni za bure, kwa hiyo gharama ni muda wako na mashine ambayo hutajali ikiganda. Sava inayohudumia watu iache kando.

1. stress-ng. Inawatosha walio wengi. Ipo tayari kwenye Debian, Ubuntu na Fedora, na ina njia zaidi ya 300 za kubana prosesa, memori, diski na miito ya mfumo (maombi ambayo programu huipelekea kerneli). Anza hivi:

`stress-ng --cpu 0 --vm 1 --vm-bytes 75% --verify --timeout 30m --metrics-brief`

Hiyo 0 inaweka mzigo kwenye kila kiini cha prosesa. Usiisahau `--verify`: bila hiyo mzigo unapita tu, na data ikiharibika huenda usijue. Ukipandisha asilimia ya memori kupita kiasi, kerneli itaanza kuua programu. Wageni hudhani imeharibika, kumbe inajiokoa.

2. LTP (Linux Test Project), mkusanyiko wa majaribio ya kerneli. Ya anayejijengea kerneli mwenyewe. Unaikompaili, inakaa `/opt/ltp`, unaiendesha kama root (msimamizi mkuu wa mfumo). Kazi ni kusoma majibu: TFAIL ndiyo hitilafu yenyewe, TBROK maana yake jaribio lilikwama kabla ya kufika kwenye jambo linalopimwa, TCONF ni kwamba kerneli yako haina kipengele hicho, basi. Iendeshe kwanza kwenye kerneli ya zamani, utunze majibu, ndipo uende kwenye mpya. Bila cha kulinganisha, TFAIL tano hazikuambii kitu.

3. xfstests. Ya mifumo ya faili peke yake: XFS, ext4, btrfs. Inataka sehemu mbili za diski, TEST_DEV na SCRATCH_DEV, na hiyo ya pili huformatiwa tena na tena. Ukikosea herufi moja, ukaandika sdb badala ya sdc (majina ya diski), data imekwenda. Salama zaidi ni kutengeneza mafaili mawili kwa `truncate -s 10G` na kuyaunganisha kwa `losetup`, ili mfumo uyaone kama diski. Tanguliza `./check -g quick`. `-g auto` hula saa nyingi.

4. syzkaller. Ya Google; huitupia kerneli miito ya kubahatisha hadi ianguke. Imefichua hitilafu nyingi kuliko unavyoweza kuhesabu, lakini inadai kerneli iliyojengwa na KCOV (hurekodi msimbo uliopitiwa) na KASAN (hunasa makosa ya memori), pamoja na mashine pepe za QEMU. Kama unataka tu kujua laptopu uliyonunua mtumba ni imara, hii achana nayo.

Yoyote utakayochagua, washa netconsole kwanza, logi ziende kwenye kompyuta nyingine. Kerneli ikianguka, maneno yake ya mwisho mara nyingi hayafiki kwenye diski. Kisha soma `/proc/sys/kernel/tainted`, namba inayoonyesha kama kerneli imepata hitilafu au imepakia moduli isiyo yake, kabla na baada ya jaribio. Ikitoka 0 ikawa namba nyingine, fungua `dmesg` (logi za kerneli). Kama haikuwa 0 tangu mwanzo, mara nyingi ni draiva ya nje, mfano ile ya NVIDIA: iondoe, uwashe upya, urudie.