Mafunzo ya frigo pale INPP Lubumbashi: maoni ya mama aliyefutwa kazi

Tangu malori yasimame, watu wa stoo, wa ofisi na hata madereva wananiuliza swali moja: mama, ile feza ya mwisho waliyokupa uliitia wapi? Niliitia kwenye mafunzo ya ufundi wa baridi, yaani frigo, friza na klimatizeri, pale INPP, taasisi ya taifa ya mafunzo ya ufundi, hapa Lubumbashi. Ningeitia palepale tena.

Habari ya kazi niieleze kwa ufupi. Nilikuwa mtunza stoo wa kampuni ndogo ya usafirishaji, mkandarasi wa mkandarasi mwingine, kama zilivyo nyingi mjini kwetu. Mzigo wetu mkubwa ulikuwa madini ya kobalti. Tarehe 22 Februari 2025 serikali yetu ya Kongo ilizuia kobalti isitoke nchini kwa miezi minne, kwa kuwa ilikuwa imejaa sokoni duniani na bei imeanguka. Juni wakaongeza miezi mitatu, na Oktoba ndipo wakafungua kwa kiasi kilichogawiwa kila kampuni. Wenye shaba waliendelea kupakia shaba. Sisi hatukuwa nayo. Malori yalilala kwenye paki, na sisi tuliokuwa tukihesabu matairi na filta tukaanza kuitwa ofisini mmoja mmoja.

Hapa naomba msomaji asikimbie, kwa sababu ndipo ada ya masomo ilipotoka. Bosi alitaka kutupa mshahara wa mwezi mmoja tu, tusaini, twende. Mjumbe wetu wa wafanyakazi akafungua Sheria ya Kazi ya 2002, kifungu cha 64: mwenye mkataba usio na kikomo anapoachishwa na mwajiri, preavis yake, yaani muda wa taarifa ya kuachishwa, unaolipwa, haipungui siku 14 za kazi, na juu yake siku 7 za kazi kwa kila mwaka mzima aliotumikia. Mimi nilikuwa nimetimiza miaka sita. Piga hesabu: 14 na 42, siku 56 za kazi. Ile tofauti kati ya mwezi mmoja na siku 56 ndiyo iliyonisomesha. CNSS yetu, mfuko wa hifadhi ya jamii, inalipa pensheni, ajali za kazini na posho za familia, lakini mtu asiye na kazi haina fungu lake. Kwa hiyo hiyo preavis ndiyo akiba pekee ambayo sheria inakuwekea. Usisaini kitu kabla ya kuihesabu mwenyewe.

Kwa nini INPP, wakati kila barabara ya komuni za Kenya na Katuba hapa mjini ina ubao wa kituo cha mafunzo? Mdogo wangu alitangulia kwenye kimoja cha hivyo, jina nitaliacha. Alisomea umeme wa nyumba. Alirudi na daftari limejaa michoro safi kabisa, na mikono ambayo haijawahi kushika waya wenye moto. Kituo kizima kilikuwa na multimeta moja, kile chombo cha kupimia umeme, nayo ilikaa kwenye kabati la mkurugenzi. Cheti alikipata, kina mhuri na picha, na mpaka leo anaogopa kufungua kikasha cha disjonta, ile swichi inayokata umeme wa nyumba.

Jambo la pili nililijifunza kwenye karatasi za ofisini. INPP ipo tangu 1964, na kila mwajiri anatakiwa kuichangia kulingana na mishahara anayolipa: asilimia 3 kama ana wafanyakazi 50 au pungufu, asilimia 2 kuanzia 51 hadi 300, asilimia 1 akizidisha hapo. Hawakati kwenye mshahara wako, bosi ndiye anayelipa. Lakini analipa kwa sababu wewe upo kazini. Kwa hiyo unapopita lile geti usiingie kama mtu anayeomba msaada. Jasho lako lilishachangia pale miaka mingi. Mimi nilipolielewa hilo, aibu ya kukaa darasani na vijana wa rika la mtoto wangu wa kwanza iliniisha.

Sasa mafunzo yenyewe. Mtu binafsi analipa, si bure, na bei inategemea ufundi na muda, kwa hiyo ulizeni wenyewe sekretarieti. Nitakachokisifia mimi ni atelye, yaani karakana. Wajapani kupitia JICA, shirika lao la misaada, wameisaidia INPP ya Kinshasa na hii ya kwetu, na vifaa vipo pale ili watu wavishike.

Nitoe mfano wa somo moja. Mwalimu aliweka mezani kompresa ya frigo, ile mota inayosukuma gesi, akachomoa kifuniko cha pembeni: vidole vitatu vya chuma, bila alama yoyote. Akasema, mama, niambie kipi ni kipi. Unachukua multimeta, unaiweka kwenye omu, unapima viwili viwili. Nilipata 40, kisha 28, kisha 12. Pale palipo namba kubwa kuliko zote, kidole kilichobaki nje ndicho cha pamoja. Kutoka hicho cha pamoja, namba ndogo inakupeleka kwenye waya wa kuendesha, na kubwa kwenye waya wa kuwashia. Na 28 ukijumlisha na 12 lazima irudi 40; isiporudi, waya ndani umeungua. Mwisho unapima kila kidole na bodi ya kompresa: multimeta ikionyesha njia yoyote, usiiunganishe na umeme. Mwalimu hakunisifu. Alichukua kompresa nyingine akaiweka mbele yangu, kisha nyingine, mpaka mkono ukazoea.

Somo hilo kwa mji huu ni chakula. SNEL, kampuni yetu ya umeme, tunaijua: umeme unakatika, unarudi hafifu, jioni taa zinakuwa nyekundu. Kompresa ikikosa nguvu ya kuanza inaunguruma, inapata moto, kliksoni, kile kifaa cha kuilinda na joto, inakata, tak! Baada ya muda inajaribu tena. Mama anayeuza samaki wa thomson na kuku wa barafu anasikia tak, tak usiku kucha, asubuhi fundi wa mtaani anamwambia kompresa imekufa, nunua nyingine. Mara nyingi kompresa ni nzima. Kilichokufa ni rele ya kuwashia, kifaa kidogo cha bei ndogo sana. Friza ya kwanza niliyotengeneza peke yangu, kwa muuza samaki wa soko la Kenya, ilikuwa na ugonjwa huohuo. Nilimbadilishia rele, nikamshauri anunue regileta ya umeme, na ndiye aliyewatuma kwangu wenzake watatu.

Niseme na kile ambacho mafunzo hayatoi. Miezi michache haimfanyi mtu fundi, popote atakaposoma. Kulehemu bomba la shaba bila kuliziba kulinichukua muda mrefu, na nililijua vizuri baadaye, kwa kukaa bila malipo pembeni ya mzee mmoja wa mtaa wa Bel-Air anayetengeneza klimatizeri. Gesi za siku hizi pia zinataka uangalifu mwingine: frigo mpya nyingi zinatumia R600a, ambayo inawaka moto, kwa hiyo huwezi kusogeza mwali kwenye bomba kabla hujaitoa yote na kupitisha hewa. Cheti chenyewe kinathibitisha kwamba umefunzwa ufundi. Diploma ya Serikali, ile ya kumaliza sekondari, ni kitu kingine, na ukitaka kuingia chuo kikuu cheti hiki hakitakusaidia. Tena wekeni pembeni feza ya vifaa tangu siku ya kwanza. Multimeta, manometa, ufunguo wa bomba, chupa ya gesi: mtu anayemaliza ada na kubaki mikono mitupu anarudi nyumbani kukaa.

Kwa mwenye kwenda kuuliza, katika INPP au kituo kingine chochote: kabla ya kutoa hata franka moja, omba uonyeshwe atelye wakati watu wakiwa kazini. Hesabu mashine, hesabu wanafunzi, tazama ni nani anashika chombo, mwalimu peke yake au wote. Kwa mapafu na mgongo wa mtu wa miaka arobaini na kitu kama mimi, ufundi wa baridi ni mwepesi kuliko kuchomelea, na wateja wake ni akina mama wenzetu ambao wanafurahi kumfungulia mwanamke mlango wa jikoni. Jiandikisheni pia ONEM, ofisi ya taifa ya ajira, kama watafuta kazi, ila msikae nyumbani kungojea simu.

Mimi bado nakodi pompa ya vakumu, ile ya kunyonya hewa ndani ya bomba, kwa yule mzee kila ninapojaza gesi, na nusu ya faida inabaki kwake. Kama kuna mtu Lubumbashi, au hata Likasi, anauza iliyotumika inayovuta vizuri, aniandikie hapa chini.