Niliendea sungura mmoja, nikarudi na wawili

Nianze na nyota, ili wasiopenda maelezo marefu waondoke mapema: nne kati ya tano. Ni za kituo kidogo cha kuokoa sungura nje kidogo ya Leicester, kinachoendeshwa na watu wa kujitolea katika mabanda nyuma ya nyumba ya mtu. Jina silitaji, kwa sababu nina lawama moja juu yao na penye kuku wengi simwagi mtama.

Tangawizi alikufa mwezi wa pili. Paka wetu, rangi ya kutu, miaka 14, figo. Tulikuwa naye kabla ya Salma kuzaliwa. Sindano ya mwisho alichomwa akiwa mapajani mwangu, nami nimetoka zamu ya usiku, sare ya kazi bado mwilini. Hayo yanatosha. Nitaongeza tu kwamba wiki sita baadaye nilikuwa bado nabadilisha maji ya bakuli lake kila asubuhi, na nyumba nzima hakuna aliyethubutu kuniuliza kulikoni.

Salma ndiye aliyeleta habari ya sungura. Mwenzake shuleni anao. Nikawaza, sawa, mmoja, mdogo, hana kelele, hafakamii. Kichwani mwangu sungura alikuwa paka mwenye masikio marefu. Nikapiga simu kituoni kumwulizia mmoja.

"Mmoja hatutoi," akaniambia mama mmoja wa Kiingereza, sauti kavu kama ya karani wa mahakama. "Labda kama tayari unaye mwingine nyumbani anayetafutiwa mwenzake."

Nikaudhika, nisidanganye. Nilikuwa nataka kusaidia, tena kwa pesa yangu, halafu nawekewa masharti! Akanieleza kwamba sungura ni mnyama wa kundi, na akiachwa peke yake hunyong'onyea, anakaa tu. Walionao wengi wameshaunganishwa wawili wawili, chanda na pete, na ukichukua mmoja umewaharibu wote. Nikasema nitafikiri. Nikakata simu, nikampigia mama Tanga.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mbona sauti hiyo?"

Nikamweleza. Kimya kidogo, halafu: "Sungura si halali? Sasa mnafuga kama watoto kwa nini?" Nikacheka mpaka baba Salma akaja kuchungulia. Nilikuwa sijacheka hivyo tangu mwezi wa pili. Mama akaongeza kwamba kama ni wawili, basi kheri, bwana harusi na bibi harusi. Ndivyo anavyowaita mpaka leo.

Sasa huduma yenyewe. Kwanza ni fomu, kurasa nne. Wanataka barua ya mwenye nyumba kama umepanga, na sisi tumepanga, kwa hiyo hapo zikapita siku tisa. Wanataka picha za mahali watakapokaa, na vipimo. Kipimo chao ni kile kinachopendekezwa na RWAF, shirika la ustawi wa sungura hapa Uingereza: mita 3 kwa 2, kimo mita 1, na wawe nacho wakati wote, usiku na mchana. Vile vibanda vya mbao vya madukani, vyenye picha ya mtoto anayetabasamu, havifiki hata robo. Baba Salma alikuwa ameshanunua kimoja, paundi 89. Tulikirudisha, na duka (nalo silitaji) likatukata paundi 15 eti kifungashio kimechanika. Hilo si kosa la kituo, lakini laiti wangeandika habari ya vipimo mahali pa kuonekana, tungeokoa hiyo pesa.

Mwisho tukawapa chumba cha chini cha nyuma, kilichokuwa cha nguo za kupiga pasi na vitu visivyo na mwenyewe. Mkeka wangu wa kuswalia ukahamia juu, maana mkojo ni mkojo.

Kisha akaja mtu kukagua nyumba. Ni yule yule wa sauti kavu, mama wa miaka sabini hivi, viatu vya shambani na futi ya fundi mfukoni. Alipima chumba, akapiga magoti kutazama nyaya nyuma ya kabati, akasema zote zivishwe mpira mgumu kwa sababu zitatafunwa, si labda. Akaingia jikoni, akaliona bakuli la Tangawizi na maji yake safi.

"Kuna paka pia? Hukuandika kwenye fomu."

Nikashindwa kujibu. Machozi yalinitoka mbele ya mtu nisiyemjua, chai yake ikipoa mezani. Hakunikumbatia, hakuniambia pole nyingi. Alivuta kiti, akanywa chai yote, kisha akasema jambo ambalo hakuna aliyeniambia kabla yake: "Hawa hawatakaa mapajani mwako. Sungura wengi hawapendi kubebwa, wanaona kama wamenyakuliwa na mwewe. Kama unatafuta wa kukaa mapajani, usiwachukue. Sitakulaumu." Akaniachia mwezi mzima wa kufikiri. Niliona ananinyima. Leo naona mwezi ule ndio sehemu bora ya huduma yao, na nyota mbili kati ya nne ni zake peke yake.

Mwezi ulipokwisha tulikwenda. Usitarajie kuchagua kama sokoni, wao ndio wanakuchagulia kulingana na nyumba yako. Sisi tukapewa Biscuit na Dot. Biscuit ni dume, masikio yameanguka, rangi ya mandazi yaliyozidi moto. Dot ni jike, mweupe, weusi umezunguka macho kama amepaka wanja mwingi. Waliokotwa ndani ya boksi la ndizi kwenye maegesho ya magari.

Tulilipa paundi 140 kwa wote wawili. Kabla hujashtuka, hesabu kilichomo. Wote wamefungwa kizazi. Kwa jike hilo si suala la kuzuia watoto tu, maana majike wasiofungwa hupata sana saratani ya mji wa mimba wakishakua, na kliniki yangu ilinitajia bei ya kumfunga jike mmoja iliyozidi hiyo 140. Wote wamechanjwa dhidi ya myxomatosis, ugonjwa wa virusi unaoua sungura, na ule ugonjwa wa kutoka damu wa sungura, aina zote mbili. Wote wana chipu chini ya ngozi. Juu ya hayo kuna kazi ya kuwaunganisha, ambayo sikuijua thamani yake mpaka nilipoelezwa. Huwezi kuchukua sungura wawili wageni ukawatia chumba kimoja, watararuana. Wanasubiriwa homoni zipungue baada ya upasuaji, wanawekwa jirani kwa wavu katikati wazoeane harufu, kisha wanakutanishwa mahali ambapo hakuna hata mmoja anapoona ni pake, mtu amekaa macho na taulo mkononi. Biscuit na Dot walichukua wiki tano. Kazi hiyo ukiifanya mwenyewe, na kazi zako za zamu, nakuombea.

Nyumbani, siku kumi za mwanzo ziliniumiza. Walikaa chini ya meza, matako kwetu. Salma aliwasomea kitabu, wakampa mgongo. Nikiingia, Dot alipiga mguu chini, pu! kama mtu anayefunga mlango kwa hasira. Nilikaa sakafuni nikamkumbuka Tangawizi aliyekuwa akinisubiri mlangoni kila nikitoka kazini, nikajisemea: umenunua nini wewe?

Kilichobadilika si wao. Kazi yangu ni kuwatunza wazee, zamu ya usiku, kengele inalia kuanzia saa nne mpaka alfajiri: huyu anataka maji, huyu anataka kugeuzwa, huyu anataka tu kujua kama ni usiku. Nikirudi nyumbani, Tangawizi naye, Mungu anisamehe, alikuwa na kengele yake. Hawa hawana. Nakaa na chai yangu, mgongo ukutani, na mbele yangu kuna viumbe wawili wanaohitajiana wao kwa wao, si mimi. Biscuit anainamisha kichwa chini ya kidevu cha Dot, Dot anamlamba kope, moja, halafu ya pili, halafu anachoka, naye Biscuit anamsukuma kwa paji la uso, endelea. Dakika ishirini nzima. Asubuhi moja Dot alijibwaga ubavu ghafla, miguu juu, nikadhani amekufa, nikaruka. Alikuwa amelala tu. Nilipomsimulia mama wa kituoni kwa simu, ndiyo mara ya kwanza nilimsikia akicheka: sungura akijibwaga hivyo mbele yako, ujue hakuogopi tena.

Lawama yangu sasa. Karatasi ya afya ya Dot iliandikwa meno "mazuri". Wiki ya tatu akaacha hei, yaani nyasi kavu, akawa anachagua majani laini tu, kidevu kimelowa. Siku ya pili jioni hakula kitu chochote, na kwenye beseni hapakuwa na mavi mapya. Msomaji mwenye sungura ameshashtuka. Kwa asiyejua, sungura hatapiki, na utumbo wake hautakiwi kusimama. Akikaa nusu siku hajala, hiyo ni dharura, usingoje asubuhi. Tulikwenda kliniki ya usiku saa tano, wote wawili katika kreti moja, maana kituo walisisitiza usimpeleke mmoja: akirudi ananuka hospitali, mwenzake anaweza kumkataa, na wiki tano za watu zimepotea.

Magego yalikuwa yameota ncha kali zinazomkata ulimi. Meno ya sungura hayaachi kukua maisha yake yote. Nyasi ndizo zinazoyasaga, ndiyo maana wanasema hei iwe zaidi ya robo tatu ya chakula na zile punje za pakiti kiganja kidogo tu. Daktari alisema ncha zile hazikuota kwa wiki tatu. Yaani Dot alitoka kituoni nazo. Kusagwa meno chini ya usingizi, dawa ya maumivu na ile ya kusukuma utumbo: paundi 285. Bima ikakataa kulipa kwa hoja kwamba ugonjwa ulikuwepo kabla.

Niliwapigia. Hawakupokea. Niliandika. Kimya cha siku nne, na siku nne hizo nilikuwa namlisha Dot uji wa nyasi kwa bomba la sindano kila baada ya saa tatu, Biscuit amesimama kando anamlamba uji shavuni. Kisha yule mama akapiga mwenyewe. Hakujitetea. Alisema aliyekagua meno alitazama ya mbele tu, hakutia kifaa kuona magego, na kwamba walikosea. Wakatuma paundi 150. Wengi wasingetuma hata senti, nakubali. Lakini siku nne bila jibu, kwa mnyama anayeweza kufa kwa siku moja, ni nyingi mno. Wanahitaji namba ya dharura, na mtu wa kuipokea.

Kwa anayetaka kwenda: piga simu asubuhi, mchana wako mabandani. Usinunue chochote kabla ya ukaguzi. Hei nunua marobota kwa wanaouzia farasi, sisi robota zima tunapata kwa paundi 7 wakati dukani pakiti ya kilo moja ni 4. Chupa za maji za kuning'iniza waachie wauzaji, sungura hunywa vizuri zaidi kwenye bakuli zito lisilopinduka. Sisi bakuli tulikuwa nalo. Salma alilitoa jikoni mwenyewe, akalitazama, akanitazama, akasubiri. Nikamwambia lioshe kwanza.

Dot amerudia meno mara moja tangu hapo, akatoka salama. Nyota ya tano nawawekea siku watakaponijibu barua pepe niliyowaandikia tarehe 3 kuomba nakala ya kadi ya chanjo. Leo ni tarehe 19.