Kozi ya sauti kuhusu roho ilitoka wapi: nimeisikiliza yote, maoni yangu haya hapa

Nimemaliza kusikiliza hii kozi ya sauti kuhusu roho, ile iliyogawanywa vipande vya nusu saa nusu saa, kila kipande na dini yake au mwanafalsafa wake, na kwa vile kila nikiitaja watu wananiuliza kama inafaa kulipia nimeona niandike mara moja yaishe. Inafaa. Kuna masomo mawili ningetamani wayarekodi upya na ntayasema, ila kwa ujumla inafaa sana. Kilichonikamata ni pale walipoanzia. Wengi wetu tukiongelea roho tunarukia moja kwa moja tukifa tunaenda wapi, hawa wameanzia mwanzo kabisa, roho ilitoka wapi, kabla hujaingia tumboni mwa mama yako ulikua mahali fulani au hukuwepo kabisa? Alafu hilo swali moja wanalibeba wanampelekea kila mtu, Myahudi, Muislamu, Mkristo, Mhindu, mpaka yule asiyeamini roho yoyote, na ukisikiliza majibu unaona kabisa kwamba mambo ya dhambi, ya malezi, ya msiba, yote yanafuata jinsi mtu alivyojibu hapo mwanzo.

Masomo ya Wakristo ndo yamenishika kuliko nilivyotegemea, na mimi ni Mkristo, nimekulia kanisani, lakini sikuwahi kusikia mtu akilipanga hili jambo hivi. Wanaanza na Mwanzo 2:7, mavumbi na pumzi ya uhai, alafu wanakuonyesha watu waliosoma mstari uleule wakaenda njia tatu. Tertullian, mwandishi Mkristo wa mwanzoni mwa karne ya 3, yeye alisema roho inarithiwa, inatoka kwa wazazi pamoja na mwili, ndo maana mtoto anafanana na baba yake hadi tabia. Origen, mwalimu mwingine wa kanisa la kale, akaja na lingine, kwamba roho zilikuwepo kwa Mungu kabla ya miili, zikaanguka, fundisho ambalo kanisa lililikataa na karne ya 6 likawekewa laana rasmi. Njia ya tatu ni ile ambayo Wakatoliki wanaifundisha hadi leo, kwamba kila roho Mungu anaiumba mwenyewe, mpya, moja moja, na Papa Pius wa 12 aliirudia mwaka 1950 akisema hata kama watu wanachunguza mwili wa binadamu ulivyotokea, roho inaumbwa na Mungu moja kwa moja.

Sasa hapo wangeweza kuishia ikawa somo la kawaida tu. Lakini mtoa somo akamleta Augustine na barua aliyomwandikia Jerome, yule mtafsiri wa Biblia, mwaka 415, na aisee hicho kipande kimoja kinatosha thamani ya kozi nzima. Augustine alikua kabanwa. Kama Mungu anaumba kila roho mpya, safi, inatoka mikononi mwake, basi mtoto mchanga dhambi ya Adamu anaipata wapi, na anaipata kwa haki gani? Na kama roho inarithiwa kwa wazazi, sawa, dhambi imepata njia ya kupita, ila roho yenyewe inaanza kuonekana kama kitu cha kimwili kinachogawanyika. Huyu ndo mwalimu mkubwa kabisa wa kanisa la magharibi, ameandika vitabu vya kujaza makabati, na kwenye hili anamwandikia mwenzake anaomba afundishwe. Na hakupata jibu la kumridhisha, mwishoni mwa maisha yake alipopitia upya maandiko yake yote bado akasema hajui, akafa mwaka 430 swali likiwa wazi. Mtoa somo hakukimbia hapo, alikaa, akasoma barua taratibu, akaeleza kwa nini kila upande unauma. Mi naamini roho anaumba Mungu na bado naamini hivyo, ila sasa najua kuamini hivyo kunanidai nini, na hilo hakuna mahubiri yaliyowahi kunipa.

Ila wakati huohuo Waadventista na Mashahidi wa Yehova wamepewa dakika chache mno. Hawa wanasoma mstari huohuo wa Mwanzo na kusema mtu hakupewa nafsi bali akawa nafsi, mavumbi na pumzi vikikutana una mtu, vikiachana huna mtu, kwahiyo hakuna kipande kinachoondoka kwenda kuishi sehemu nyingine na aliyekufa hajui kitu mpaka ufufuo. Ni mamilioni ya watu wanaamini hivi na wana hoja zao nzuri za maandiko, siyo sawa kuwapitisha kama wanakimbizwa.

Somo la Uislamu ndo namba moja kwangu. Limeanza na kukiri mpaka, maana Qur'ani yenyewe, 17:85, inasema wakikuuliza kuhusu roho waambie ni katika amri ya Mola, nanyi hamkupewa elimu ila kidogo. Nimependa wameanza hapo, imeweka heshima. Alafu wanaingia 7:172, lile agano ambapo Mwenyezi Mungu aliwatoa kizazi cha Adamu migongoni mwao akawauliza je mimi si Mola wenu, wote wakajibu ndiyo, na wanaeleza kwamba wapo wanazuoni walioona ni ushahidi kwamba roho zilikuwepo kabla ya miili, na wengine wakasema hapana, ni maumbile tu ya binadamu ya kumjua Mungu ndo yanaongelewa. Kisha inakuja hadithi ya Ibn Masud, sahaba wa Mtume, siku 40 mara tatu, ndipo malaika anatumwa kupuliza roho, yaani siku 120. Na hapa wakashuka mpaka kwenye maisha yenyewe. Mama ameharibikiwa mimba ya miezi mitano, je mtoto anaoshwa, anasaliwa? Kwa Wahanbali, moja ya madhehebu ya sheria ya Kiislamu, ndiyo, kwa sababu ameshavuka miezi minne na roho imeshaingia, wakati wengine wanasubiri kwanza ishara ya uhai pale anapozaliwa. Nilisimamisha sauti hapo nikakaa kimya muda mrefu. Unaona kabisa kwamba swali la roho inaingia lini liko mikononi mwa mama amembeba mtoto wake, anataka kujua amzike vipi na ampe jina gani.

Pia humohumo kuna Ibn Sina, mwanafalsafa na tabibu aliyefariki 1037, na mtu wake anayeelea hewani, haoni, hasikii, haguswi na chochote, hata vidole vyake havigusani, na bado anajua kwamba yupo. Kwa Ibn Sina hicho kinachojua kwamba kipo ndo nafsi, na siyo mwili. Na 39:42 kwamba Mungu huzichukua nafsi wakati wa kufa na pia usingizini, anayeishi anarudishiwa yake. Tangu nisikie hiyo kulala kumekua na uzito mwingine kwangu.

Binti yangu ana miaka mitano na siku moja nilikua namsuka akaniuliza, mama, kabla sijazaliwa nilikua wapi? Nikamwambia Mungu anajua, akasema anajua wapi sasa, mahali gani. Hakuridhika. Kwenye somo la Wayahudi kuna mapokeo ya Talmud, mkusanyo wa mafundisho ya marabi, kwamba mtoto akiwa tumboni anafundishwa Torati yote na taa inawaka juu ya kichwa chake, anaona dunia mwisho hadi mwisho, alafu saa ya kuzaliwa malaika anampiga mdomoni anasahau yote. Nikamsimulia. Akashika mdomo wake kwa kidole akaniuliza kama kujifunza shuleni ni kukumbuka. Mtoto wa miaka mitano! Somo la Plato, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, lilikua bado sijalifikia, na nilipolifikia nikakuta anasema hichohicho, roho ilikuwepo kabla ya mwili, iliona ukweli huko, na tunachokiita kujifunza ni kukumbuka. Humo kwa Wayahudi kuna na mazungumzo ya Rabi Yuda na Antoninus, mtawala wa Kirumi, wanaulizana roho inawekwa kwa mtoto lini, pale mimba inapotungwa au anapokua ameshaumbika, na safari hii Rabi ndiye anayekubali hoja ya Mrumi, kwamba ni tangu mwanzo. Nimefurahi sana wamekiweka hicho.

Masomo ya India sikilizeni mkiwa mmetulia, siyo mkiwa barabarani. Kwa Wahindu wengi atman, yaani roho ya ndani kabisa, haijazaliwa na haitakufa, inavua miili na kuvaa mingine, kwahiyo ukiwauliza ilianza lini swali lenyewe linakosa pa kukaa. Wajaini wanakwenda mbali zaidi, roho zipo hata kwenye maji na mimea, hazina mwanzo, na kila moja inatanuka au kusinyaa kufuata mwili ilioingia, ndo maana watawa wao wanafagia njia mbele yao wasije wakakanyaga kiumbe. Alafu anakuja Buddha anasema hakuna kitu cha kudumu humo ndani kabisa. Lile jibu la mtawa Nagasena kwa mfalme Milinda, kwamba gari la farasi siyo gurudumu, siyo ekseli, siyo boriti, na bado tunaliita gari, na mtu naye ni hivyohivyo, limenitesa kweli. Mimi kama muumini sikubaliani nalo, bado nasema kuna mtu anayejibu akiitwa. Ila wamelieleza kwa nguvu zake zote bila kulidhoofisha ili tushinde kirahisi, na hivyo ndivyo inavyotakiwa.

Sasa yale masomo mawili. La kwanza ni la sayansi. Karibu lote limeliwa na yule daktari Duncan MacDougall wa Massachusetts, aliyetangaza mwaka 1907 kwamba aliweka wagonjwa wanaokaribia kufa kwenye mizani, mmoja akapungua kama gramu 21, na basi dunia nzima ikaishika hiyo namba. Wagonjwa walikua 6 tu, majibu yao hayakufanana, vipimo vingine yeye mwenyewe aliviweka pembeni, na mbwa 15 aliowapima hawakupungua kitu. Hayo yangesemwa kwa dakika tano yakaisha! Badala yake kwa Descartes, mwanafalsafa Mfaransa aliyesema roho na mwili ni vitu viwili tofauti, wamembana Princess Elisabeth wa Bohemia dakika tatu hivi, na yeye ndo aliuliza swali zito kuliko yote kwenye ile barua ya 1643, kama roho haina umbo wala haigusi kitu, inawezaje kuusogeza mwili? Descartes alijaribu kumjibu, akajaribu tena, na Elisabeth kila mara akaonyesha kwa adabu kwamba bado hajajibiwa. Hao wawili walistahili somo lao zima.

La pili ni Afrika. Bara zima, somo moja. Kilichomo ni kizuri, sikatai, hasa Waakan wa Ghana ambao kwao mtu anakuja na okra, roho inayotoka kwa Mungu, na sunsum, yaani nafsi ya tabia yake, ambayo kwa wengi wao inaungana na upande wa baba, na damu ya mama inayompa ukoo, yaani asili ya mtu haiko sehemu moja. Na wameweka ubishi wa Kwame Gyekye na Kwasi Wiredu, Gyekye anaona okra ni roho isiyo ya kimwili kabisa, Wiredu anasema hapana, Waakan wanaiongelea kama kitu chenye umwili umwili fulani. Wanafalsafa wawili wa Kiafrika wanabishana kwa hoja, safi sana. Lakini Wayoruba wametajwa kwa sentensi moja, wakati wao ndo wana ile simulizi ya mtu kuchagua ori yake, kichwa chake cha ndani, kwa Ajala mfinyanzi kabla hajaja duniani, na ukichagua kilichofinyangwa vibaya utahangaika nacho. Hilo ni jibu kamili la swali la kozi nzima! John Mbiti, mwanateolojia wa Kenya, naye wamemtumia kwa marehemu walio hai tu, yaani waliokufa ambao bado wanakumbukwa na ndugu zao, ambao ni mwisho wa safari, siyo mwanzo. Hapa nimeumia, maana waandaaji wanajua kuuliza vizuri, wangetuuliza na sisi kwa urefu uleule.

Kuhusu huduma yenyewe, sauti ni safi, unaweza kushusha masomo ukasikiliza bila intaneti, spidi inabadilika. Maandishi ya masomo yana makosa ya uchapaji na kuna aya ya Qur'ani ilikua imewekewa namba siyo, nikawaandikia huduma kwa wateja wakajibu kwa heshima na wakarekebisha. Maswali ya mwisho wa somo ni mepesi mno, yanapima kama umeshika majina, yapuuzeni.

Kama una msiba mbichi, nakuomba usianze na somo la kwanza. Anza na la Uislamu au lile la barua ya Augustine hata kama siyo dini yako, haya mengine ya kubishana kama roho ipo yaache mpaka utakapojisikia. Na kama mna kikundi cha kusoma kanisani au msikitini sikilizeni pamoja, somo moja kwa kikao, kisha zimeni muongee, kila mtu aseme anaamini roho yake ilitoka wapi na nani alimwambia. Sisi tulifanya hivyo na la Origen, tukatoka saa nne usiku bado wazee wawili wanabishana getini.