Wikiendi Dodoma na marafiki wa zamani: uzoefu wangu wa treni, malazi, maji na mnada wa Msalato

Dodoma niliyoichukia ilikuwa ya vumbi, maji yasiyokubali sabuni na jioni zisizo na pa kwenda. Safari hii nimeirudia kwa wikiendi pamoja na watu tuliosoma nao, kuanzia Ijumaa jioni hadi Jumapili alasiri, na ninaipa nyota nne kati ya tano. Mji unafaa kweli kukutanisha marafiki waliotawanyika. Nyota moja naizuia kwa sababu ya maji, nitaeleza huko mbele. Ila ukikosea mwezi, mtaa wa kulala au saa ya kwenda kula nyama, utaondoka na chuki ile ile ya zamani.

Nianze na usafiri, maana ndio uliobadilisha hesabu yote. Kwa barabara kutoka Dar es Salaam ni takriban kilomita 450, na basi linakula mchana wako mzima. Treni ya SGR, yaani reli mpya ya kisasa, iliyoanza kubeba abiria hadi Dodoma tarehe 25 Julai 2024, inakufikisha kwa saa tatu na nusu au nne na ushee, kutegemea inasimama vituo vingapi. Nauli ya daraja la kawaida ilianza na shilingi 31,000. Treni ya haraka ni zaidi ya hapo. Tiketi za Ijumaa jioni kwenda na Jumapili jioni kurudi ndizo zinazokwisha mapema. Kama mko kundi, mtu mmoja akate za wote kwa mkupuo, la sivyo mtajikuta kila mmoja behewa lake. Jina kwenye tiketi lilingane na kitambulisho. Mizigo inakaguliwa kwa mashine, kwa hiyo fika stesheni saa mbili kabla ya muda. Mkisafiri mchana, ombeni viti vya dirishani: baada ya Kilosa reli inapenya kwenye mahandaki ya milimani, na nchi inabadilika mbele ya macho yako kutoka kijani ya Morogoro hadi udongo mwekundu na mibuyu.

Sasa mwezi. Bunge la bajeti huanza Aprili na kumalizika mwishoni mwa Juni. Katika kipindi hicho vyumba vinapanda bei, na vizuri vinakuwa vimeshashikwa. Kuna vikao vifupi pia, kwa kawaida karibu na Februari, Septemba na Novemba. Angalia ratiba ya Bunge kabla hujalipia chochote. Siku za kuelekea 8 Agosti nazo ziepuke, maana maonyesho ya Nane Nane pale Nzuguni yanajaza nyumba za wageni. Mimi napendekeza wikiendi za Julai, au katikati ya Agosti. Mji uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hivyo usiku wa miezi hiyo ni wa sweta. Hasara yake ni upepo: unapanda kuanzia katikati ya asubuhi na kubeba vumbi hadi jioni. Mwenye pumu au lenzi za macho ajiandae. Oktoba na Novemba, kabla ya mvua, ni joto kavu. Sioni sababu ya kumpeleka mgeni wakati huo.

Kwenye malazi kosa la kawaida ni kulala kwa rafiki mmoja aliyejenga pembezoni. Zamani ardhi ya mji ilikuwa chini ya CDA, mamlaka ya kustawisha makao makuu, na hati zilikuwa za miaka 33, jambo lililowafanya wengi wasite kuweka nyumba ya maana. CDA ilivunjwa Mei 2017, viwanja vikapimwa kila upande, na leo rafiki mmoja yuko Kisasa, mwingine Nkuhungu, mwingine Iyumbu, na mwingine Ihumwa, karibu na Mji wa Serikali wa Mtumba ambao uko kama kilomita 17 kutoka katikati. Wageni mlale katikati, Area C, Area D au Makole, wenyeji ndio wawafuate. Kwa Jumamosi nzima kodini Noah moja, na muelewane kwa sauti kama bei ni pamoja na mafuta au mafuta ni juu yenu. Ugomvi wote wa jioni unaanzia hapo.

Maji ndiyo yaliyonitoa Dodoma mara ya kwanza, na bado sijapatana nayo. Sehemu kubwa ya maji ya mji inatoka visima virefu vya Mzakwe, katika bonde la Makutupora, kaskazini. Si machafu, lakini ni magumu na yana chumvichumvi: sabuni haitoi povu, birika linashika ukoko mweupe, chai inapata utando juu. Ukoko huo huo unashika ndani ya hita ya bafuni, ndiyo maana unaweza kulipia chumba chenye maji ya moto ukaoga ya vuguvugu. Ukifika, kabla hujafungua begi, washa hita, usubiri dakika kumi na tano, kisha fungua bomba kwa dakika tatu. Yakipoa mapema, omba chumba kingine papo hapo.

Kuna maswali mawili zaidi ya kuuliza kwa simu. Simtanki ni la lita ngapi, na liko juu ya mnara au chini? Lodge ya vyumba kumi ikijaa, watu ishirini kwa lita 60 kila mmoja ni lita 1,200 kwa siku. Tanki la lita 5,000 linavuka siku nne za mgao, la lita 1,000 halimalizi hata Jumamosi. Tanki lililo chini linategemea pampu, na umeme ukikatika pampu inalala. Kwa nywele, suuza ya mwisho tumia maji ya chupa, lita moja na nusu inatosha.

Jumamosi ni ya mnada wa Msalato, na hapa sina kipingamizi hata kidogo. Uko kilomita kumi na kitu kutoka mjini, barabara ya Arusha, na hata asiyenunua mfugo anaenda kwa ajili ya nyama choma. Hesabu yangu ni nusu kilo mbichi kwa kila mtu, maana nyama ya mbuzi yenye mifupa inapungua karibu theluthi ikiiva. Watu sita, kilo tatu. Omba paja pamoja na mbavu. Paja peke yake linakauka, mbavu peke yake ni mifupa. Simama kwenye mzani, halafu simama kwa mchomaji, kwa kuwa majiko yanahudumia makundi mengi na vipande vinafanana. Nyama ikae nzima kwenye moto mdogo dakika 40 hadi saa nzima ndipo ikatwe. Ukifika saa saba mchana, foleni inamlazimisha mchomaji kuchochea makaa: nje inaungua, ndani kwenye mfupa bado damu. Fika saa nne asubuhi. Mkae upande upepo unakotokea, msikae upande unakoelekea, vinginevyo vumbi la zizi lote litaishia kwenye kachumbari.

Jioni si kama zile nilizoziacha. Viwanja vya Nyerere vinafaa kutembea, na kwa kuku wa kuchoma Chako ni Chako bado inastahili jina lake. Piga simu na agiza kabla ya kuondoka lodge.

Kuna atakayependekeza michoro ya miambani ya Kolo, Kondoa, iliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006. Ni mizuri mno, na barabara ni lami hadi huko. Lakini ni mwendo wa kilomita 180 hivi kwenda tu, unatakiwa kuchukua mwongozaji pale Kolo, gari liwe la juu kwa njia ya kutoka hapo hadi kwenye michoro, na kuna kupanda mlima kwa miguu. Hiyo ni safari ya kutoka saa kumi na mbili asubuhi na kurudi giza limeingia. Kwa marafiki mliokuja kuongea, inameza Jumamosi yote. Iwekeeni siku ya tatu au iacheni.

Zabibu nunua Jumapili asubuhi, siku ya kuondoka. Dodoma huvuna misimu miwili, karibu na Februari na Machi, kisha Agosti na Septemba. Za kiangazi ni bora kwa sababu mvua huleta ukungu kwenye mizabibu na kupunguza utamu. Tazama kikonyo: kikiwa kijani zimekatwa karibuni, kikiwa kahawia zimelala. Ule unga mweupe juu ya ngozi usiufute wala usizioshe hadi wakati wa kula, ndio unaozilinda. Mwambie muuzaji akupakie kwenye boksi lenye matundu. Mfuko wa plastiki unazitokesha jasho, na zikifika Dar zimeanza kuchachuka. Mchuzi wa zabibu, yaani maji yake yanayogeuka mvinyo, unaouzwa kwenye madumu usisafiri nao, maana kama haujamaliza kuchachuka gesi inajaa na dumu linavimba njiani.

Mchana wa Jumapili uacheni kwa nyumba ya mwenyeji mmoja: ugali wa uwele, mlenda mkavu wa Kigogo uliotiwa karanga, na kuku wa kienyeji. Mwambieni tangu Ijumaa, kwani kuku wa kienyeji anataka saa mbili jikoni. Hapo ndipo maongezi yenyewe yalipokuwa, kuliko mahali pengine popote. Kama treni ni ya saa kumi na moja jioni, sahani ziwe mezani saa sita na nusu, na bajaji ziwe mlangoni saa nane na nusu.